Ulaya wamesogeza tena sheria ya misitu, wenye AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika) za kahawa mkilala imekula kwenu

Maganda_Makavu (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Mwezi wa 12 mwaka 2025 Umoja wa Ulaya wamesogeza mbele tena ile sheria yao ya bidhaa zisizotokana na ukataji misitu, hii ambayo wote tumezoea kuiita EUDR, na toka siku hiyo kwenye magrupu ya WhatsApp ya ushirika ni vigelegele tu. Mwenyekiti mmoja wa chama huku kwetu alinipigia kabisa anacheka, "wale vijana wako wa GPS waambie warudi shule". Nikamwambia mwenyekiti piga hesabu vizuri, akakata simu. Sasa kwa vile yeye hakutaka kupiga hesabu ngoja niipige humu, maana najua humu kuna watu wa ushirika, kuna wanunuzi binafsi, wenye vinu, na watoto wa wakulima mliopo mjini ambao mzee akitembelewa na mtu wa simu kijijini anawapigia nyie kuuliza hawa wanataka nini na shamba langu.

Mimi ni mtu wa Kagera, Muleba, msimu wa 2024 na 2025 nimezunguka na vyama vya msingi kupima vibanja (mashamba ya nyumbani) vya kahawa. Sio mwanasheria. Yaliyonikuta ndo nayaandika.

Kwa wasiojua, sheria yenyewe ilianza kuwepo Juni 2023. Inagusa vitu saba tu na vinavyotokana navyo: ng'ombe, kakao, kahawa, mawese, mpira, soya na mbao. Inataka mambo matatu. Moja, kitu kisiwe kimetoka kwenye ardhi iliyokuwa msitu ukakatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Pili, kiwe kimezalishwa kwa kufuata sheria za nchi kilikotoka. Tatu, anayekiingiza Ulaya awe amejaza tamko kwenye mfumo wao, na ndani ya tamko kuna mahali shamba lilipo. Ndo hapo vijana wa GPS wanapoingia.

Ilitakiwa ianze kubana 30 Desemba 2024. Ikasogezwa mwaka mmoja. Sasa imesogezwa tena, makampuni makubwa na ya kati ni 30 Desemba 2026, wadogo ni 30 Juni 2027. Na Kamisheni ya Ulaya ilipewa mpaka 30 Aprili 2026 waipitie tena waone kama kuna cha kurahisisha.

Haya sasa hesabu. Robusta ya huku tunaanza kuchuma mwezi wa tano, ikauke, iende chama, iende kinuni, ikobolewe, iuzwe mnadani, ipangwe loti, ishuke Dar ikasubiri meli. Kinachoangaliwa ni siku mzigo unaingizwa sokoni Ulaya, siku ya kuchuma haiwasaidii. Yaani kahawa ya kuanza kuchumwa mwezi wa tano 2026, ikichelewa kidogo tu kinuni, inafika Antwerp au Hamburg Januari 2027 na sheria imeshaanza. Mnunuzi anayenunua Septemba 2026 hawezi kununua mzigo usio na ramani halafu aombe Mungu meli iwahi. Kwa hiyo ule "mwaka mzima" mnaoushangilia kwa mtu wa kahawa haupo, upo msimu mmoja wa 2026 basi.

Na msichanganye na habari ya kurahisishwa. Walichorahisisha ni kwa wale wa kule kule, zamani hata makampuni makubwa yaliyoupokea mzigo ndani ya Ulaya yalitakiwa yajaze tamko, sasa anajaza yule wa kwanza tu anayeuingiza, na anayemfuata moja kwa moja anatunza namba ya lile tamko. Kwa mkulima wa Kamachumu hakijabadilika kitu, pointi ya shamba lake bado inatakiwa.

Sasa niwaambie tulivyoharibu ili nyie msiharibu.

Msimu wa kwanza tulikuwa vijana wanne pikipiki mbili, kila mtu na simu yake. Simu zingine za bei chee, GPS yake ukisimama chini ya mgomba inakwambia upo kwa jirani. Tukapima, tukarudi, data ikaingizwa kwenye Excel na dada wa ofisini ambaye hakuna aliyemweleza chochote. Mahali shamba lilipo panaandikwa kwa namba mbili, latitudo na longitudo, na sheria inataka kila moja iwe na namba sita baada ya nukta. Excel ikakata zikabaki mbili. Wakuu, namba mbili baada ya nukta ni kama kilomita moja ardhini, vibanja vya watu wa mwambao vikaangukia ndani ya Ziwa Victoria, na wakulima kumi na kitu wakawa wamesimama pointi moja kama wanasubiri basi.

Kuna kundi lingine alama ya kutoa ilifutika mbele ya ile namba ya kwanza, latitudo. Sisi tupo kusini ya ikweta, ukifuta ile alama unaruka kaskazini, Muleba ikaenda kuwa Masindi, Uganda. Na kuna faili moja namba zilibadilishana nafasi, ya kwanza ikawa ya pili, tukafungua ramani tukakuta wakulima wetu wapo jangwani Algeria, karibu na mji unaitwa Béchar. Tulicheka mpaka machozi ila mnunuzi hakucheka, alirudisha faili lote.

Baya kuliko yote lilikuwa lingine. Kijana mmoja alikuwa analeta mashamba 60 kwa siku tukamwona jembe. Siku ya kukagua tunafungua picha ya satelaiti, pointi zake zote zimejazana juu ya bati la ghala la chama. Jamaa alikaa kivulini pale, anamwita mkulima aliyeleta mzigo, anabonyeza, anaandika jina, next. Tulirudia kijiji kizima.

Ila hayo yote yanarekebishika. Lililoniuma na lililonifanya nifungue uzi ni hili. Kuna chama kimoja, sitakitaja, alikuja mnunuzi 2023 akawapimia wakulima wote bure, kila mtu akafurahi, mpaka soda zikanunuliwa. Msimu uliofuata akaja na bei ya chini. Chama kikataka kuuza kwa mwingine, yule mwingine akauliza ramani ziko wapi, chama kikamwandikia wa kwanza kuomba nakala, jibu likaja kwamba data ni mali ya kampuni, iko makao makuu. Basi. Wakulima wanajulikana Ulaya mpaka mti wa mwisho, ila chama chenyewe hakina hata karatasi moja. Wakauza kwa bei ile ile ya chini.

Kwa hiyo mi kilio changu ni kimoja: pimeni, ila faili libaki chamani. Mengine ulizeni nitajibu.

siti_ya_mbele

Ngoja nikae hapa na kahawa yangu (isiyo na GPS)

Mtwara_Asili

Mkuu asante kwa madini. Korosho vipi? Na shemeji yangu Njombe ana parachichi anauliza.

Maganda_Makavu

@Mtwara_Asili korosho haimo, parachichi halimo, chai haimo, maua hayamo. Ni vile saba tu. Shemeji aendelee kulala, nyie pambaneni na mambo yenu ya stakabadhi ghalani.

Mwananchi_Halisi

Mi hizi habari zinanichefua. Wao misitu yao walishaimaliza, wakajenga viwanda, leo wanakuja kumpima bibi yangu na migomba yake. Huu ni ukoloni wa satelaiti. Tuuze China, tuuze Uarabuni, tuache kubembeleza watu.

Maganda_Makavu

@Mwananchi_Halisi kwenye hasira nipo na wewe kabisa, na bibi yako ana haki ya kuuliza. Ila twende kwenye biashara. Ulaya ndo mnunuzi mkubwa wa kahawa duniani. Mjapani anaipenda ya Kilimanjaro kweli, Waarabu wananunua, sawa, ila aliyeshika loti mnadani mara nyingi hajui bado itaishia nchi gani, anataka mzigo anaoweza kuupeleka popote. Mzigo usio na ramani unauzika, hakuna anayekataa, ila unauzika kwa wachache, na wakiwa wachache wanajua wako wachache.

Alafu kumbukeni 2024 robusta ilivyopaa, soko la London lilivuka dola 5,000 kwa tani, hapo kila mtu alinunua chochote chenye rangi ya kahawa, hakuna aliyeuliza ramani. Bei ikishuka ndo watu wanaanza kuchagua.

Mzee_wa_Kihamba

Salaam wakuu. Mimi ni wa Moshi, Kibosho. Kihamba chetu kina kahawa chini, migomba katikati, juu kuna mringaringa na migrevilea mirefu sana aliipanda babu. Kijana aliyekuja kupima akasema mfumo umeonyesha kihamba chetu ni msitu!! Mama hajalala siku mbili, anasema wanataka kutufukuza. Hii imekaaje.

Maganda_Makavu

@Mzee_wa_Kihamba shikamoo. Mpe mama pole na mwambie alale.

Kuna ramani ya misitu ya mwaka 2020 ambayo wataalamu wa Umoja wa Ulaya wameitengeneza, wengi wanaitumia kuchuja. Ile ramani inaangalia kutoka juu, na kutoka juu kihamba chenu ni majani matupu, haioni kahawa iliyojificha chini. Kwa hiyo inapiga kengele. Ila ile ramani yenyewe sio sheria, ni msaada tu.

Sheria inasema msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, miti inazidi mita 5, kivuli chake kinafunika zaidi ya asilimia 10, NA sio ardhi ya kilimo. Hayo maneno ya mwisho ndo yenu. Kilimo cha kahawa chini ya miti kinahesabiwa ni kilimo, hata mringaringa uwe mrefu kama mnara wa Voda. Kihamba kilichokuwa kihamba 2020 na leo ni kihamba hakina kesi.

Kinachotakiwa ni mchukua data aandike hivyo na aweke ushahidi: picha za ndani ya shamba zikionyesha mashina ya kahawa yalivyozeeka, picha za zamani za satelaiti (Google Earth unarudi nyuma miaka bure kabisa), na risiti za chama za miaka ya nyuma. Mama ana risiti za chama?

Mzee_wa_Kihamba

Marahaba. Za kuanzia miaka ya themanini, zipo kwenye sanduku la bati.

Maganda_Makavu

Hilo sanduku lishinde na yeye kitanda kimoja.

Kakao_Kyela

Huku kwetu Kyela kakao ndo usiseme. Mimi shamba la baba limepimwa MARA TATU na watu watatu tofauti, wa kwanza alikuwa na fulana ya kijani, wa pili akaja na tableti, wa tatu huyo wa juzi anataka na namba ya NIDA na picha ya mzee ameshika kitambulisho. Na kila mmoja kapata ukubwa wake, mmoja ekari mbili na nusu, mmoja tatu, mmoja moja na robo. Mzee sasa hivi akiona mtu na simu shambani anaita mbwa.

Maganda_Makavu

@Kakao_Kyela 😂 mzee yuko sahihi. Ndo kile kile nilichosema, kila mnunuzi anapima vyake anaondoka navyo. Chama kingekuwa na faili moja, la kwanza lililopimwa vizuri, hao wawili wangepewa nakala wakasaini wakaenda zao.

Na hiyo ya NIDA. Sheria ya Ulaya inataka shamba lilipo, kiasi, mzigo umetoka kwa nani na lini. Haijaomba NIDA ya mzee wala picha kashika kitambulisho. Sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na tume yake ipo, mtu anayekusanya taarifa za mtu lazima aseme za nini na apate ridhaa. Sisi siku hizi tuna fomu ya ukurasa mmoja ya Kiswahili, inasomwa kwa sauti, asiyejua kuandika anaweka dole gumba, na mstari wa mwisho umeandikwa kwamba nakala inabaki chamani na chama kinaweza kumpa mnunuzi mwingine. Wanunuzi wawili waligoma kusaini. Wa tatu alisaini, na wale wawili walirudi baada ya wiki mbili.

Mpima_Mipaka

Naongezea upande wa ufundi maana mleta uzi kagusia juu juu.

Shamba linalozidi hekta 4 lazima poligoni, yaani mzunguko wote wa mpaka. Chini ya hapo pointi moja inatosha kisheria. Hekta 4 ni kama ekari 10 hivi. Kwa hiyo wakulima wetu wengi kabisa pointi moja ingewatosha, ila wanunuzi wengi wanadai poligoni kwa kila mtu kwa sababu wanaogopa. Mkiweza pimeni mzunguko, mkishindwa msikubali kutishwa kwamba ni lazima.

Msiingize namba kwa mkono. Tumieni Kobo au programu nyingine inayokusanya bila mtandao, ukirudi kwenye mtandao inapanda yenyewe. Simu isubiriwe mpaka usahihi ushuke chini ya mita 5 ndo ubonyeze, sio umefika tu unabonyeza. Faili la mwisho ni GeoJSON (aina ya faili la ramani), na humo namba zinaanza na longitudo ndo inafuata latitudo, kinyume na tulivyozoea kutamka. Huko Algeria mlikopotelea ndo njia yake hiyo.

Afu kabla ya kumpa mnunuzi pitisheni kwenye Whisp, programu ya FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), ni bure, inalinganisha shamba lako na ramani nyingi kwa pamoja badala ya ile moja.

Maganda_Makavu

@Mpima_Mipaka nondo hizi kiongozi. Kweli kabisa hiyo ya longitudo, tungekujua mapema.

Kwenye mzunguko nina stori. Kuna bibi mmoja alinikatalia kata kata, "mnapima mje mnichukulie kibanja". Sikubishana, nikamwambia bibi basi nizungushe wewe, mi nifuate. Akachukua fimbo, tukaanza, anaonyesha mlamula mmoja mmoja wa mpakani, huu alipanda baba mkwe, huu uling'olewa na jirani usiku tukaurudisha mbele ya balozi, pale ulikuwepo ukakauka. Saa nzima kwa kibanja cha ekari moja. Nikamaliza nikamwonyesha kwenye simu ule mchoro. Akauangalia akasema "hapa umekata kona". Nikarudi kucheki, kweli nilikata kona, kama hatua nane hivi nilipita katikati ya migomba kukwepa shimo. Toka siku hiyo kila mkulima anatembea mwenyewe mbele, mi nyuma. Na migogoro ya ndugu wawili kusajili kibanja kimoja ikapungua, maana anayetembea mbele anaonwa na majirani.

Kirinyaga254

Wasee habari ya huko. Mei 2025 Umoja wa Ulaya walipanga nchi kwa hatari ya ukataji misitu, sisi Kenya tukawekwa kundi la hatari ndogo, nyinyi Tanzania na Uganda mkawekwa lile la katikati, la hatari ya kawaida. Watu wa sosaiti wakadhani mambo ya GPS yameisha. Wapi! Buyer bado anataka location ya kila shamba. Tofauti ni yeye hafanyi ile tathmini ndefu ya hatari, na kule kwao wanakaguliwa asilimia 1 badala ya 3. Kazi ya huku chini ni ile ile tu, tumetembea hizo ridge mpaka viatu vikaisha.

Maganda_Makavu

@Kirinyaga254 asante jirani. Watu wa kwetu wakisikia "hatari ya kawaida" wanadhani tumepigwa marufuku. Hapana, ni kukaguliwa zaidi kidogo tu. Lile kundi la juu kabisa lina nchi nne: Urusi, Belarus, Korea Kaskazini na Myanmar.

Nshomile_wa_Mjini

Mleta uzi umeongea vizuri lakini kuna kitu unakikwepa. Butura. Mkulima ameshauza kahawa ikiwa bado maua, pesa kala Pasaka, mwezi wa sita mlanguzi anakuja kuchuma na gunia zake. Hiyo kahawa ina GPS gani? Na za kuvuka mpaka wa Uganda pale Mutukula usiku je? Unapima vibanja 2,000 halafu ghalani linaingia gunia la mtu asiyejulikana.

Maganda_Makavu

@Nshomile_wa_Mjini sijaikwepa mkuu, nilikuwa nasubiri mtu wa nyumbani aitaje 😅

Hapo ndo penyewe. Sheria hairuhusu kuchanganya kinachojulikana na kisichojulikana. Loti yenye magunia 300, yakiingia matano yasiyo na kwao na hamuwezi kuyatenganisha, mzigo wote umeharibika. Mnunuzi anaruhusiwa kuorodhesha mashamba yote yanayolisha lile ghala hata kama sio yote yaliyochangia loti ile, ila shamba moja likiwa chafu limechafua orodha yote. Na anayebanwa ni yule wa Ulaya, adhabu zao ukomo wake wa juu hautakiwi kuwa chini ya asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka huko Ulaya, kwa hiyo hatacheka na wewe.

Tulichofanya kwenye chama kimoja ni hesabu ya kijinga tu. Ukishajua kibanja kina ukubwa gani na mashina mangapi, unajua hakiwezi kutoa maganda (kahawa kavu isiyokobolewa) zaidi ya kiasi fulani. Mtu mwenye nusu ekari akija na magunia 40 karani anauliza. Anauliza kwa upole, ila anauliza. Msimu wa kwanza tulipata watu kama hao, wengine walikuwa wanauzia majirani waliogombana na chama, hakuna ubaya, tukaenda kupima hao majirani. Wengine walibeba magunia wakaondoka bila kusema kwaheri.

Butura yenyewe haitaisha kwa ramani. Mkulima anauza maua kwa sababu ada ya shule inadaiwa Januari na chama kinalipa Septemba. Hiyo mi sina dawa yake.

Mbao_Mufindi

Na sisi wa mbao?

Maganda_Makavu

Mbao zimo, mkaa umo, fanicha zimo. Kwenu kuna nyongeza, mnataja na jina la kisayansi la mti. Zaidi ya hapo sina uzoefu, aje mtu wa mbao aseme.

Binti_Mkulima

Kaka nina maswali mawili. Moja, mkulima asiye na hati inakuwaje, maana umesema lazima kufuata sheria za nchi. Pili, baba yangu mdogo 2022 alifyeka kichaka nyuma ya nyumba akaongeza miche ya kahawa, kama robo ekari. Tumekwisha?

Maganda_Makavu

@Binti_Mkulima maswali mazuri kuliko yote dada.

La hati: sheria yetu ya ardhi ya vijiji ya 1999 inatambua haki ya kimila hata kama huna karatasi. Hati ya kimila ikiwepo safi sana, isipokuwepo sisi tunachukua barua ya serikali ya kijiji, mtendaji anasaini na kugonga muhuri kwamba fulani na fulani ni wakulima wa hapa na mashamba yao hayapo ndani ya hifadhi. Hilo la hifadhi ndo la kuangalia sana, kibanja kikiwa ndani ya mpaka wa msitu wa TFS (wakala wa misitu wa serikali) au hifadhi ya taifa hapo hakuna barua itakayokuokoa.

La baba mdogo: robo ekari ya kichaka nyuma ya nyumba, iliyozungukwa na migomba, haifiki hata nusu hekta (nusu hekta ni kama ekari moja na robo), kwa hiyo chenyewe sio msitu kwa tafsiri yao. Ila kama hicho kichaka kilikuwa ukingo wa msitu mkubwa unaoendelea mpaka mlimani, hapo ni hadithi nyingine, amekata msitu baada ya 2020, na kijiji kumruhusu hakusaidii. Akiwa hivyo, kahawa ya kile kipande isiingie chamani, auze kwa watu wa kukaanga kahawa hapa hapa nchini, na vibanja vyake vingine viendelee kama kawaida. Muulize ilikuwaje, na umuulize bila ya watu wengi.

Na rweya, kwa wa Kagera mtakaouliza: rweya ni nyasi. Kupanda kahawa kwenye rweya sio kukata msitu. Piga picha kabla hujapanda.

Binti_Mkulima

Kilizungukwa na migomba pande zote. Ahsante sana kaka, nimepumua.

Hesabu_Kali

Swali la mwisho ambalo hamtaki kulisema. Baada ya kutembea na bibi saa nzima, fomu, dole gumba, GeoJSON sijui nini, mkulima anaongezewa shilingi ngapi kwa kilo?

Maganda_Makavu

@Hesabu_Kali sifuri mkuu. Kwenye sheria hakuna hata senti ya nyongeza kwa mkulima. Anayekwambia kuna bonasi ya EUDR mwombe akuonyeshe kwenye mkataba. Wapo wanunuzi wanaotoa kitu kidogo kwa sababu wanataka uaminifu wa chama, hiyo ni ya kwao na inajadiliwa mezani, na mezani ukikaa na faili lako mkononi unaongea tofauti na ukikaa mikono mitupu.

Gharama nayo msikubali ibebwe na mkulima. Chama kimoja kiliwakata wakulima kwa kilo kulipia upimaji bila mkutano mkuu, kukawa na vurugu mpaka afisa ushirika akaja. Wekeni kwenye mkutano, mnunuzi achangie, na pembeni muulize halmashauri, maafisa ugani wana pikipiki na wanafika huko huko kila wiki.

Mwananchi_Halisi

Haya nimelainika kidogo. Bibi yangu yupo Muleba huko huko. Akija mtu kumpima nimwambie nini?

Maganda_Makavu

Mwambie atangulie mbele yeye na fimbo. Akimaliza aombe kuonyeshwa mchoro kwenye simu. Na asisaini kitu ambacho hakijasomwa kwa sauti mbele ya mtu wa chama.

Kesho alfajiri naingia vijiji vya mwambao kurudia wale walioangukia ziwani, mtandao huko ni wa kubahatisha. PM zenu nitajibu Jumapili.